Jinsi ya Kupata Mbolea ya Ruzuku Kabla Mvua Haijakupita: Mwongozo kwa Mkulima wa Trans Nzoia

Mkulima wa Kenya hapokei ruzuku ya mbolea ikiwa fedha taslimu mkononi. Serikali ya kitaifa hugharimia sehemu ya bei ya mfuko, na mkulima hulipa sehemu iliyobaki anapokwenda ghalani kuuchukua. Maana yake ni kwamba malipo unayostahili yamo ndani ya bei, na utayapata tu iwapo jina lako, nambari ya kitambulisho chako, laini yako ya simu na ukubwa wa shamba lako vimeandikwa sawasawa katika daftari la kidijitali la wakulima. Nimewasaidia majirani wengi kufuatilia mbolea hii, na nimeona jambo moja likijirudia kila mwaka: wanaoikosa hawaikosi kwenye foleni ya ghala mwezi wa Machi. Huwa wameshaikosa tangu Novemba, katika ofisi ya naibu wa chifu, bila kujua.

Katika kaunti yetu kosa hilo ni zito kuliko kwingine. Sehemu kubwa ya Trans Nzoia hupanda mahindi mara moja tu kwa mwaka, mvua ya masika inapotulia kati ya mwisho wa Machi na Aprili, nayo mahindi yetu ya nyanda za juu hukaa shambani miezi sita au zaidi kabla ya kuvunwa. Anayeishi mahali penye misimu miwili anaweza kujisahihisha wakati wa vuli. Sisi tukipitwa na masika, tumepitwa na mwaka mzima, pamoja na karo ya shule iliyotegemea mavuno hayo. Ndiyo maana mwongozo huu utakaa kwa muda mrefu zaidi kwenye usajili, na utapita haraka kwenye mambo ambayo mkulima yeyote anayajua.

Nani analipa, na nani hahusiki

Mpango unaoendelea sasa ulianza Septemba 2022. Bei ya mbolea ilikuwa imepanda duniani kote tangu 2021, na vita vya Urusi nchini Ukraine viliizidisha. Siku ya kuapishwa kwake, tarehe 13 Septemba 2022, Rais William Ruto alitangaza kwamba mfuko wa kilo 50 uliokuwa ukiuzwa shilingi 6,500 ungeuzwa kwa wakulima kwa shilingi 3,500. Agosti 2023 bei hiyo ilishushwa tena hadi shilingi 2,500, na hiyo ndiyo bei nitakayoitumia katika mifano yote hapa chini.

Huu ni mpango wa serikali ya kitaifa, na jambo hilo si la kisiasa tu, kwa sababu ndilo linaloamua mlango utakaobisha unapokuwa na tatizo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliiachia serikali ya kitaifa sera ya kilimo, na kuzipa serikali za kaunti kazi ya kilimo chenyewe, yaani ukuzaji wa mimea, ufugaji na huduma za ugani. Kwa hiyo anayeandikisha wakulima ni chifu na naibu wake, ambao ni watumishi wa serikali ya kitaifa. Anayetunza mbolea na kuitoa kwa kiasi kikubwa ni Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, ambayo pia ni ya kitaifa. Afisa wa kilimo wa wadi ni wa kaunti. Huyu atakushauri vizuri sana kuhusu mbolea ya kuchagua, lakini mara nyingi hana uwezo wa kurekebisha idadi ya ekari zako katika daftari. Nimewaona watu wakimlaumu mwakilishi wa wadi kwa sababu ya vocha (kibali cha kununulia mbolea ya ruzuku kinachotumwa kwa simu) ambayo haikufika, naye mwakilishi akiahidi mambo yasiyo mikononi mwake, na wiki tatu zikapotea hivyo hivyo. Tatizo la usajili lianzie kwa naibu wa chifu, lipande kwa chifu, kisha kwa naibu kamishna wa kaunti katika kaunti ndogo yako, iwe ni Kwanza, Endebess, Saboti, Kiminini au Cherangany.

Usajili: mahali ambapo ruzuku hupatikana au hupotea

Daftari linalotumika linaitwa KIAMIS, na ndilo lenye taarifa za mamilioni ya wakulima kote nchini. Kujiandikisha hakulipiwi hata senti moja. Mtu yeyote anayekudai pesa ya fomu, ya intaneti au ya usumbufu anakuibia, hata kama ni mtu unayemheshimu kijijini.

Usisubiri hadi mahindi ya mwaka uliopita yaishe ghalani. Wakati mzuri wa kwenda ni Novemba na Desemba, baada ya mavuno, kwa sababu ofisi huwa haina msongamano na kosa lolote likigunduliwa bado kuna miezi mitatu ya kulirekebisha. Hata kama ulijiandikisha miaka iliyopita, nenda uombe usomewe taarifa zako kama zilivyo katika mfumo. Usikubali kujibiwa tu kwamba umo. Kuwamo hakutoshi, unataka kusikia kilichoandikwa, kipengele kwa kipengele.

Kipengele cha kwanza ni kitambulisho. Chukua kitambulisho halisi, ukae karibu na anayeandika, na umwombe akusomee nambari tarakimu kwa tarakimu. Tarakimu moja ikikosewa, utafika ghalani ukiwa na vocha iliyo halali kwa mtu asiyekuwepo.

Kipengele cha pili ni simu, na hapa naomba usome polepole. Shangazi yangu alikaa miaka miwili akiamini kwamba serikali imemsahau. Alikuwa na ekari mbili, alikuwa ameandikishwa, na majirani zake wote walikuwa wakipata ujumbe. Tulipokwenda kuulizia, tukakuta kwamba laini iliyoandikwa ilikuwa ya mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, kwa kuwa siku ya usajili shangazi hakuwa na simu yake na kijana ndiye aliyempeleka. Vocha zilikuwa zikifika Nairobi kila msimu. Kijana aliziona zikiwa katikati ya jumbe za matangazo na hakujua ni za nini. Hakuna aliyemdhulumu shangazi, lakini mbolea aliikosa miaka yote miwili. Andikisha laini iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, unayoitumia kila siku, na ukibadilisha laini usiishie kuwaarifu jamaa tu. Mwarifu naibu wa chifu pia, ndani ya wiki hiyo hiyo. Kwa mzee asiyeweza kusoma ujumbe, ni afadhali laini ibaki yake na mjukuu amsomee, kuliko laini iwe ya mjukuu anayeweza kuhama.

Kipengele cha tatu ni ukubwa wa shamba, na hili ndilo kosa linalowagharimu watu wengi bila wao kugundua, maana idadi ya mifuko utakayoruhusiwa kununua hutegemea ukubwa huo. Hati miliki za Kenya huandika eneo kwa hekta, ilhali sisi huzungumza kwa ekari. Hekta moja ni karibu ekari 2.47. Mtu mwenye ekari mbili atakuta hati yake imeandikwa hekta 0.81, na mwandishi aliyechoka akiinakili 0.81 katika nafasi ya ekari, mkulima huyo amepoteza zaidi ya nusu ya mgao wake kabla hajapanda hata mbegu moja. Kabla ya kwenda, zidisha namba iliyo kwenye hati kwa 2.47, andika jibu kwenye karatasi, na uulize waziwazi kama mfumo unaonyesha ekari au hekta.

Kutaja ekari nyingi kuliko ulizo nazo si ujanja. Mzee wa kijiji anajua mipaka, na mbolea inayotengwa ni ya kiasi fulani kwa kila eneo, kwa hiyo mfuko wa ziada unaoupata kwa namba ya uongo unatoka kwa jirani yako aliyesema kweli. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona vijiji ambavyo wajane wenye ekari moja waliambiwa mbolea imekwisha huku mifuko ikiuzwa kando ya barabara.

Ardhi ya kukodi nayo itajwe. Katika kaunti hii watu wengi hulima mashamba ambayo si yao, na ruzuku imekusudiwa kumfikia anayelima. Hata hivyo mwenye shamba naye anaweza kuwa ameandikisha ekari zile zile, na hapo ndipo ugomvi huanza. Dawa yake ni makubaliano yaliyoandikwa, yenye majina, ekari, tarehe na sahihi za mashahidi wawili, yanayotaja wazi nani ataandikisha shamba hilo kwa msimu huo. Karatasi moja tu inatosha. Vivyo hivyo, iwapo mume aliyeandikishwa amefariki, mjane asingoje kesi ya urithi imalizike ndipo aulizie. Aende na cheti cha kifo na kitambulisho chake mwenyewe, aombe aandikishwe yeye kama ndiye anayelima sasa.

Mwisho wa usajili ni mazao. Taja yote unayolima, na usitaje mahindi peke yake kwa kuwa ndiyo yanayotajwa na kila mtu. Mwenye viazi, maharagwe, kahawa au majani chai ana mahitaji tofauti ya mbolea, na serikali haiwezi kuleta kwenye ghala la karibu nawe kitu ambacho daftari linaonyesha hakihitajiwi.

Ujumbe wa vocha unapofika

Msimu unapokaribia, mkulima aliyeandikishwa hupokea ujumbe mfupi kwenye simu wenye vocha ya kielektroniki na maelezo ya mgao wake. Usiufute. Uandike pia kwenye daftari la nyumbani, kwa kuwa simu huibiwa na maji huingia. Usimsomee mtu nambari hiyo kwa simu, hata akijitambulisha kuwa afisa. Kuna madalali wanaozunguka vijijini wakinunua vocha kutoka kwa watu wenye shida ya haraka, wakilipa shilingi mia chache, kisha wanachukua mifuko kwa majina ya wengine. Aliyeuza vocha yake ameuza ruzuku ya shamba lake la mwaka huo, na baadaye atanunua mfuko ule ule kwa bei ya duka.

Kabla ya kuondoka nyumbani, piga hesabu ya gharama yote. Mahindi kwa kawaida huhitaji mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia na mmoja wa mbolea ya kukuzia kwa kila ekari. Mwenye ekari mbili atahitaji mifuko minne, yaani shilingi 10,000 kwa bei ya ruzuku. Sasa tuseme bodaboda inataka shilingi 350 kwa kila mfuko kutoka Kitale hadi kwako, na tuseme unaambiwa urudi kesho kwa sababu mfumo umekwama, ukaongeza nauli ya safari mbili za shilingi 300 kila moja. Mifuko hiyo minne imekugharimu shilingi 12,000, na bei halisi ya mfuko wako ni 3,000. Linganisha namba hiyo na bei ya agroveti ya kituo cha karibu siku hiyo hiyo, kwani bei za maduka zimebadilika sana tangu 2022. Mara nyingi ruzuku bado itashinda kwa mbali, lakini unapaswa kujua inashinda kwa kiasi gani.

Njia nzuri zaidi ya kupunguza gharama hiyo ni kwenda kwa kikundi. Wakulima kumi wenye mifuko minne kila mmoja wana tani mbili, ambazo ni mzigo mmoja wa kanta. Mkubaliane siku, kila mmoja aje na kitambulisho na vocha yake, mlipe kila mtu kwa jina lake, kisha mpakie pamoja. Ulizia pia kama chama cha ushirika kilicho karibu kimefanywa kituo cha kutolea mbolea, kwa sababu serikali imekuwa ikivitumia vyama hivyo ili kupunguza mwendo wa kwenda kwenye maghala makubwa.

Kuchagua mfuko unaoufaa udongo wako

Wakulima wengi hufika ghalani na kuchukua kilichopo. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, tumia namba zilizoandikwa kwenye mfuko, kwa sababu ndizo zinazokueleza unanunua nini. Namba hizo tatu ni asilimia ya nitrojeni, ya fosfati na ya potashi, kwa mpangilio huo. Kwa upande wa kupandia, DAP ni 18:46:0. Mfuko wa kilo 50 una kilo 9 za nitrojeni na kilo 23 za fosfati. NPK ya 23:23:0 ina kilo 11.5 za kila moja kati ya hizo mbili. Kwa upande wa kukuzia, mfuko wa CAN una kilo 13 hivi za nitrojeni, na mfuko wa urea una kilo 23. Ikiwa mifuko hiyo miwili inauzwa kwa bei moja, urea inakupa karibu mara mbili ya nitrojeni kwa shilingi ile ile. Lakini urea ikiachwa juu ya udongo mkavu, sehemu yake hupotea hewani, hivyo inamfaa anayeifukia au anayeiweka wakati mvua inanyesha ya kutosha. Asiyeweza kufanya hivyo achukue CAN na asijilaumu.

Jambo jingine ni uchachu wa udongo. Mashamba mengi ya magharibi mwa Kenya yametiwa DAP mwaka baada ya mwaka, na mbolea zenye amonia huongeza uchachu. Udongo ukishuka chini ya kipimo cha pH 5.5, fosfati uliyoinunua hushikwa na udongo na mahindi hayaipati vizuri, kwa hiyo unaweza kutia mfuko mzima wa ruzuku na usione tofauti uliyoitarajia. Udongo wa namna hiyo unataka chokaa ya kilimo kwanza. Mwombe afisa wa kilimo wa wadi akueleze mahali pa kupimia udongo. Taasisi ya utafiti wa kilimo, KALRO, ina kituo chake Kitale, nasi tuna bahati ya kuwa karibu nacho. Kupima udongo mara moja katika miaka michache ni nafuu kuliko kurudia mbolea isiyofaa kila Machi.

Siku ya ghalani

Nenda mwenyewe, mapema asubuhi, ukiwa na kitambulisho halisi na simu yenye laini iliyoandikishwa, iliyojaa chaji. Lipa kwa njia rasmi iliyobandikwa ghalani, na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho. Usimkabidhi mtu yeyote pesa taslimu langoni ili akusaidie kuruka foleni. Ukipewa mifuko pungufu ya ile uliyolipia, usiondoke kwa ahadi ya mdomo. Omba iandikwe kwenye stakabadhi ni mifuko mingapi imebaki na kwa sababu gani.

Kagua mfuko kabla haujapanda kwenye gari. Ushonaji uwe wa kiwandani na haujafumuliwa, uzito usiwe na shaka, na maandishi yawe yanasomeka: jina la mbolea, namba za virutubisho, aliyeitengeneza, nambari ya toleo (yaani ya fungu lililotengenezwa pamoja) na alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Piga picha ya pande zote mbili za mfuko kwa simu.

Ushauri huu wa kupiga picha umetokana na mambo yaliyotokea. Mnamo Machi na Aprili 2024 ilibainika kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa chini ya mpango wa ruzuku haikuwa mbolea ya viwango vinavyotakiwa. Uuzaji wa aina zilizohusika ulisimamishwa, na serikali ikatangaza kwamba walioathirika wangefidiwa. Bunge la Taifa lilijadili hoja ya kumwondoa aliyekuwa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, na Mei mwaka huo kamati maalumu iliyochunguza madai hayo ikasema hayakuthibitishwa. Mkulima ambaye tayari alikuwa amefukia mifuko ile ardhini hakuwa na cha kuonyesha isipokuwa stakabadhi na kumbukumbu ya malipo. Kwa hiyo tunza stakabadhi hadi mavuno yaingie, usichome mifuko mitupu kabla ya hapo, na katika kila toleo weka kando kiasi cha kikombe kimoja cha mbolea kwenye chupa kavu iliyofungwa, yenye kibandiko cha tarehe na nambari ya toleo. Ukiona mbolea ina mchanga, mawe au mwonekano usio wa kawaida, usiipande. Ripoti siku hiyo hiyo kwa msimamizi wa ghala na kwa KEBS, ukiwa na picha. Usitegemee majaribio ya nyumbani ya kuikoroga kwenye maji ili kuamua, kwani CAN halali ina chokaa ndani yake na huacha masimbi yasiyoyeyuka. Uamuzi ni wa maabara.

Mvua imeanza na vocha haijafika

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na wengine hawatakubaliana na jibu langu. Mvua ikishatulia na jirani zako wameanza kupanda, usisubiri mbolea ya ruzuku kwa zaidi ya siku chache. Nunua ya kupandia dukani, hata kama ni nusu ya unayohitaji, na upunguze eneo la mahindi ikibidi, kwa sababu mahindi yaliyochelewa kupandwa hapa kwetu hupoteza mavuno ambayo punguzo la bei haliwezi kuyarudisha. Ruzuku itumie kwenye mbolea ya kukuzia, ambayo utaihitaji mahindi yakifika usawa wa magoti, wiki kadhaa baadaye. Kwa njia hiyo kuchelewa kwa vocha kunakunyima nusu ya nafuu badala ya kukunyima msimu mzima. Anayejua hili mapema huweka akiba ya pesa ya mfuko mmoja au miwili tangu anapouza mahindi, na sioni akiba nyingine ya kilimo iliyo muhimu kuliko hiyo.

Kudai kwa maandishi

Ukienda mara mbili kwa mdomo bila kufanikiwa, ya tatu iwe barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa taarifa isiyo ya kweli inayomwathiri. Ekari zilizokosewa katika daftari la wakulima ni taarifa ya namna hiyo hasa. Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka wa 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, na inamtaka afisa amsaidie mtu asiyejua kusoma na kuandika kwa kuliandika ombi lake na kumpa nakala. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Muda huo ndio sababu nyingine ya kuanza Novemba, maana barua ya Machi itajibiwa mahindi yakiwa yameshaota.

Barua haihitaji ufundi wala maneno ya sheria. Inaweza kuwa hivi: “Mimi, mwenye kitambulisho nambari fulani, ni mkulima wa kijiji fulani, kata ndogo fulani. Naomba kupewa kwa maandishi taarifa zangu kama zilivyo katika daftari la wakulima, yaani nambari ya simu, ukubwa wa shamba kwa ekari, mazao, na vocha zote zilizotolewa kwa jina langu tangu msimu uliopita, pamoja na tarehe zake na ghala zilikotumika. Ukubwa sahihi wa shamba langu ni ekari mbili, na nimeambatisha nakala ya hati. Naomba ukubwa huo usahihishwe katika daftari kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba.” Tia tarehe na sahihi, peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo nyumbani. Bila muhuri, siku 21 hazina mahali pa kuhesabiwa kuanzia.

Sehemu ya barua inayoulizia vocha zilizotumika usiiache. Kuna wakulima walioambiwa kwamba hawajatengewa mbolea, na kumbe mifuko ilikuwa imechukuliwa kwa majina yao. Kumbukumbu ya tarehe na ghala ndiyo itakayoonyesha kama hilo limetokea kwako. Ukikataliwa, au siku zikipita kimya, unaweza kuomba Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana kwa wengi kama Ofisi ya Ombudsman, ipitie upya uamuzi huo, na ombi hilo lipelekwe ndani ya siku 30. Tume haitozi ada ya kupokea malalamiko. Wakulima kadhaa wa kijiji kimoja wenye tatizo moja waandike kila mmoja barua yake, kisha wazipeleke siku moja, kwa sababu kila rekodi inasahihishwa peke yake lakini ofisi huchukua hatua haraka zaidi inapopokea ishirini kwa pamoja.

Majibu yakija, yaweke kwenye bahasha moja pamoja na hati au nakala yake, makubaliano ya kukodi, stakabadhi za mbolea na daftari ulilonakili vocha. Bahasha hiyo ndiyo utakayoibeba Novemba inayofuata unapokwenda kusomewa taarifa zako tena, na mtu mwingine wa nyumbani ajue mahali inapowekwa.